Ndoo ya Samaki

Kila alfajiri ya msimu wa mvua, kabla chai haijachemka, mlinzi wa bwawa alishuka ngazi za ukuta na ndoo yake. Huko chini walikwama samaki waliokuwa wakipanda mto kwenda kutaga: wanaruka, wanagonga zege, wanaanguka. Aliwaokota, akapanda nao, akawamwaga upande wa pili. Hakuna aliyemtuma. Kiuno kilishamwambia aache, lakini yeye na kiuno chake hawakuwa wakisikilizana.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye ngazi ya kwanza tu, dereva wa katapila akapaza sauti.

"Shikamoo, mzee! Rudi juu, leo tunabomoa kipande cha mwisho cha ukuta."

"Marahaba. Na samaki wangu?"

"Umewazoesha lifti, mzee. Leo watatembea!"

Mzee alipogeuka, alimkuta binti yake, fundi cherehani, amesimama kando ya pikapu ya kukodi. Alikuwa amekuja tena kumchukua, maana kibanda cha mlinzi nacho kilikuwa kinabomolewa. Kila alipokuja, jibu lilikuwa lile lile: "Nikiondoka, nani atawapandisha?"

"Sikuja kubishana, baba," alisema taratibu. "Nimekuja kukaa na wewe tu."

Wakakaa ukingoni, ndoo katikati yao. Katapila likauma zege. Maji ya tope yakafumka kwa kishindo, yakakokota magogo na matairi yaliyozama miaka na miaka. Jua lilipoanza kuinama, kishindo kikapungua, na pale palipokuwa na ukuta pakabaki mto unaopita, mwembamba, kama mtu aliyetoka kuugua.

Mgongo wa samaki ukaonekana kwenye upenyo. Maji yakamrudisha. Akajaribu tena, akatikisika, akapita. Nyuma yake mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeitazama ndoo.

"Hata asante hawana," binti akasema.

Mzee akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akafungua viganja vyake, akaangalia sugu za mshikio wa ndoo.

"Nikiondoka..." akaanza kwa mazoea, akakosa pa kumalizia.

Binti akaisogeza ndoo kando.

"Nimechoka, mwanangu," mzee akasema. "Nimechoka zamani sana. Nipeleke kwako."