Halo, Maana ya Tatu

Katika ofisi ile ya kamusi kulikuwa na sheria moja iliyowatesa wote: mfano hautungwi, mfano unaokotwa. Ukitaka kuonyesha jinsi neno linavyotumika, sharti umsikie mtu mwenye pumzi zake akilitamka bila kujua kwamba umelitegea. Mama Mhariri, mwenye ofisi, hakuwa na mchezo na hilo. Sentensi ya kubuni aliinusa kutoka mlangoni.

Ndiyo maana msichana wetu akaitwa Sikio. Si msichana sana, tuseme ukweli. Shangazi yake alikuwa amechoka kumwombea mume, siku hizi alimwombea afya tu. Lakini kazini hakuwa na mpinzani. Sokoni aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba, mradi asikie wachuuzi wakirushiana maneno. Benki aliwapisha watu kwenye foleni ili ugomvi wa nyuma yake usimpite.

Wiki ile alipewa neno la Kiingereza hello, ambalo sisi tulikwisha kulikaribisha, tukalivua viatu na kuliita halo. Neno dogo, lakini lina ukoo! Asili yake ni makelele: zamani huko kwao watu walipaza sauti za namna hiyo kumwita mwenye mashua ng'ambo ya mto, au kuwachochea mbwa wa kuwinda. Simu ilipokuja, watu walikiweka kile kidude sikioni wasijue pa kuanzia. Mmoja wa waliohangaika kuibuni alitaka wapokee kwa mwito wa mabaharia. Wapi! Halo ikapita, na kelele ya mbwa ikawa salamu ya mabibi na mabwana. Sikio aliposoma hayo alicheka peke yake mpaka katibu wa meza ya jirani akamuuliza kama amekunywa kitu.

Halo ya kuanzia mazungumzo ya simu ilikuwa na mifano ya kumwaga. Ya kumzindua mtu aliyezubaa aliipata barabarani, kwa dereva: "Halo! Hiyo njia ni ya baba yako?" Ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho: halo ya kuuliza kama mwenzako bado yupo, maana kimya kimezidi. Ukurasa ulingojwa chini, kwenye mtambo wa kuchapia, na maana isiyo na mfano ingefutwa.

Na huko chini ndiko alikokuwa Fundi. Fundi wa mtambo, mpole, mrefu, asiye na maneno mengi, hupiga simu juu kuulizia kurasa na si kitu kingine. Kila alipopiga, Sikio alijikuta akinyoosha ukosi wa gauni, kana kwamba simu ina macho. Alimpenda, basi. Alikuwa anangoja tu siku ambayo Fundi angeuliza jambo lisilohusu karatasi.

Simu ikalia. Sikio akaikamata huku kalamu iko tayari.

"Halo. Ukurasa bado?"

"Bado kidogo, kaka."

"Sawa. Aa... kuna jambo." Fundi alisikika akimeza mate. "Nimelifikiria sana. Mimi nakupenda. Utakubali nikuoe?"

Sikio, masikio yamesimama, alikuwa anawinda neno moja tu. Hayo mengine yakampita pembeni. Akakaa kimya.

"Halo? Uko hapo? Nimekuuliza kama utakubali nikuoe."

Ehee! Hiyo hapo, mbichi kabisa!

"Rudia!" akapiga kelele kwa furaha. "Rudia polepole!"

Fundi wa watu akarudia, neno moja moja.

"Hiyo 'uko hapo' ilikuja kabla ya halo au baada?"

"Baada," akajibu Fundi kwa sauti iliyofifia.

"Asante sana! Inatosha!" Akakata simu, akaruka hadi kwa Mama Mhariri.

Mama Mhariri akaisoma kadi, akaisoma tena.

"Nani kasema hivi?"

"Fundi wa mtambo."

"Alikuwa anamwambia nani?"

"Alikuwa ananiambia mi..." Akainama kuisoma kadi mwenyewe.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimemwambia asante, inatosha."

Katibu alianguka kutoka kitini, na si kwa kusingizia. Mama Mhariri, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alikuwa anajifunika uso kwa kadi.

"Kimbia, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Mwanamume akishaambiwa inatosha, humngoji hadi kesho."

Sikio alishuka ngazi akiruka vidato, moyo ukimpiga kwa hofu ya kumpoteza mtu aliyemngoja siku zote hizo. Chini mtambo ulikuwa unanguruma. Fundi alikuwa amempa mgongo, mabega yameshuka, mikono imelowa wino.

"Nilikuwa kazini!" akapayuka. "Sikukataa!"

Fundi akageuka, akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Hasikii kitu. Sikio akafumbua kinywa tena, na hapo ndipo alipogundua kwamba ameokota sentensi za watu wa mji mzima na yeye hana hata moja. Akamrukia shingoni. Fundi aliinua mikono juu kwa adabu, asimchafue. Akaiweka hivyo kidogo, halafu uungwana ukamshinda.

Aliporudi juu, ofisi nzima ilikuwa imesimama.

"Enhe?" akauliza Mama Mhariri.

"Hakusikia hata neno," Sikio akasema, akijitahidi kuwa na heshima zake. "Mashine inapiga kelele mno. Jibu langu nitampa kesho, kwa utaratibu, tukiwa tumekaa."

Akawapita, kichwa juu, kuelekea mezani kwake. Na mgongoni, kwenye gauni la manjano lililopigwa pasi asubuhi ile, wote wakaona viganja viwili vyeusi, vidole vyote kumi.

"Kesho ya nini, mwanangu?" akasema Mama Mhariri, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Jibu limeshachapwa."