Joto la Tanuri

Ofisi nzima, Mama Mvuke peke yake ndiye aliyelia hesabu zilipokuja sawa.

Kazi yake ilikuwa kukadiria maji ambayo miti na majani ya bustani ya mtaa huyatoa hewani. Vipimo vya juu ya paa vilisoma joto la jua lililoingia na joto lililopanda hewani. Tofauti ya hayo mawili ndiyo iliyogeuza maji kuwa mvuke. Lakini hapo zamani hesabu zilidai bustani inakauka, na bustani yenyewe kijani kibichi. Akamsaka mchawi, akamkuta chini ya paa lile lile: mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilipandisha joto lisilo la jua hata kidogo.

"Unawasha saa ngapi, kaka?" akamuuliza, apate kulitoa joto hilo kwenye hesabu.

"Ukitaka nizime, sema. Ukitaka nikuoe, sema pia."

Na mdomo wake huo huo, akamwoa kweli. Kisha biashara ikalegea, akaaga kwenda mbali kutafuta maisha.

"Tanuri lisiguswe," alimwambia mkewe. "Nitarudi kuliwasha mwenyewe."

Simu zikawa za nadra, mwisho kimya. Hesabu nazo zikanyooka zenyewe, hakuna tena joto la tanuri la kutoa.

"Asiyekuwepo na lake halipo," mkuu wa ofisi akatania, na Mama Mvuke akaenda kulia chooni. Alimtamani mumewe hadi mkate wa dukani ukawa haumpiti kooni. Kila asubuhi alifungua kompyuta akiomba kosa, mtaalamu mzima.

Leo adhuhuri kosa likaja. Bustani ilimwagiliwa jana, na hesabu zinasema imekauka. Akashuka ngazi mbio. Kiatu kimoja kikamtoka, hakukirudia.

Tanuri lilikuwa linawaka. Mgongo mpana ulikuwa umeinama mbele yake, na moyo wa Mama Mvuke ukaruka. Mtu yule akageuka. Hakuwa yeye.

"Karibu, dada. Mwenyewe kaniuzia kwa simu. Anasema huku harudi tena."

Alisimama pale, joto likimpiga usoni, lile lile alilolizoea. Huko juu kazi ilikuwa inamngoja.

"Unawasha saa ngapi, kaka?" akauliza.