Akaunti ya Mchango wa Mazishi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Ijumaa, mashine ya kutolea pesa mjini Thika ilimwonyesha Selpha salio la sifuri. Siku iliyotangulia watu sabini na watatu walikuwa wametuma shilingi 58,250 katika akaunti hiyo. Mochari ilidai 47,000 kabla ya kuachilia mwili wa mama yake, uliotakiwa kusafirishwa Bungoma siku hiyohiyo na kuzikwa kesho yake.

Akaunti ilichaguliwa na kamati ya mazishi. Katika msiba uliopita mchango ulipitia simu ya mweka hazina, na watu wakamwita mwizi. Safari hii walitaka taarifa ya benki. Selpha peke yake ndiye aliyekuwa na akaunti, ile ya mshahara wa kiwanda huko Ruiru. Hakuwaambia kwamba kiwanda kilimwachisha kazi mwezi wa tatu akiwa na mkopo wa benki hiyo, wala kwamba tangu hapo hajalipa kitu. Aliona sifuri mwezi baada ya mwezi, akadhani deni limelala.

Karani wa benki, Muriithi, alitazama kompyuta.

"Mama, ulikuwa na malimbikizo ya mkopo ya 61,400. Pesa ikiingia, mfumo unakata kwanza."

"Lakini hizo si zangu. Ni za kumzika mama."

"Akaunti ni ya nani?"

"Yangu."

"Bado unadaiwa 3,150." Alishusha sauti. "Pole. Kufungua nyingine ya mchango ni bure. Dakika kumi tu."

Ndugu yake mdogo, Boaz, alipiga simu. Alikuwa mochari na gari la kukodi, jeneza likiwa ndani.

"Dada, unatoa pesa ama unazichapisha? Dereva ameshakunywa chai mara tatu."

Selpha alimweleza.

"Kaburi lishachimbwa," Boaz alisema. "Si ungesema tu una deni? Nani angekucheka?"

"Nyinyi wote."

Saa sita aliandika barua ya kuomba pesa zirudishwe. Aliambiwa jibu litachukua siku ishirini na moja za kazi. Mochari haikukubali ahadi. Saa kumi na moja dirisha lake la malipo lilifungwa.

Saa kumi na mbili kasorobo, Boaz na dereva walishusha jeneza tupu kwenye varanda ya Selpha, mtaa wa Kiganjo hapo Thika, na gari likaondoka.