Sikio la Mama Watoto

"Baba, hii kaichora nani?" binti aliuliza, akimgeuzia kompyuta.

Mchoraji akavaa miwani. Kwenye kioo alikaa mwanamke mwenye shali ya buluu, mwanga ukimwangukia shavuni. Buluu ile ilikuwa yake. Hata uvivu wa mwanga ule ulikuwa wake.

"Mimi," alisema. "Ila siikumbuki."

"Si wewe, ni akili mnemba. Nimeilisha picha zako zote, nikaiambia ichore mpya. Wenye ukumbi wanataka waitundike mlangoni siku ya maonyesho yako."

Roho ilimuuma. Maisha yake yote alijigamba kwamba mkono wake hauna wa pili, na sasa wa pili umepatikana, tena usio hata na kidole. Akaikodolea macho picha ile, akiitafutia kasoro kama wifi anavyomtafutia bibi arusi. Hakuona kitu. Akaomba nyingine, na nyingine. Seremala kavaa kofia hadi shingoni. Msichana kaziachia nywele. Mzee kaegemeza kichwa kiganjani.

Mchoraji akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Nini tena, baba?"

"Masikio, mwanangu! Hakuna mwenye sikio hata mmoja!"

Tangu ujana masikio yalimshinda. Kila alilojaribu lilitoka kama kiazi kilichoumwa. Basi akayafunika, na watu wakasema huo ndio mtindo wake, naye akanyamaza. Mashine, mwanafunzi mtiifu, ilikuwa imerithi mpaka woga wake.

"Waambie mlangoni itakaa yangu," akasema. "Naianza leo."

"Na huo mkono unavyotetemeka?"

"Utetemeke. Ni wangu."

Mama watoto aliitwa kutoka uani alikokuwa akianika nguo, akaketishwa dirishani, akaambiwa avue kitambaa.

"Ee! Miaka yote unanifunga shali kama mgonjwa wa meno, leo ndiyo umekumbuka nina masikio?"

"Geuka kidogo, mke wangu."

La kwanza akalikwangua kwa kisu. La pili likatoka bapa, nalo akalikwangua. Mama watoto akasinzia, akaamka, akamkumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya maonyesho ilipokaribia, moja likakaa. Lilikuwa limepinda kidogo ukingoni, pale mkono ulipotetemeka, na Mchoraji hakuligusa tena. Alijiona mrefu kuliko mlango.

Mkewe akaja kutazama. "Mbona kubwa hivyo?"

"Limebeba majigambo yangu tangu tuoane. Lingebaki dogo?"

Mama watoto alitaka kucheka, akashindwa. Akajifuta macho kwa kile kitambaa.

Siku yenyewe, picha ya mashine ilitundikwa ndani, ya Mchoraji mlangoni. Mama watoto alikuja kichwa wazi, nywele kazibana juu, akasimama kando ya picha hiyo. Kila aliyeingia aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. Naye aligeuza kichwa taratibu kuelekea kwenye mwanga.