Jini wa Birika la Bububu

Shemsa alikufa wakati wa joto la kaskazi, mwaka sitini na nane, siku chache baada ya kuoga kwenye birika la nyumba moja iliyohamwa huku kwetu Bububu. Wenyewe walikimbia wakati wa Mapinduzi. Birika likabaki na maji ya mvua, jua likiyapasha kutwa. Kilianza kichwa, ikafuata homa, kisha shingo ikakakamaa na mtoto akawa hamjui hata mama yake.

Daktari mgeni wa hospitali alimweleza mama huyo, Mwatima. Maji ya vuguvugu yaliyotuama huwa na vidudu visivyoonekana, navyo hupanda puani mpaka kwenye ubongo. Dawa hakuwa nayo. Watoto wasipige mbizi mle, basi.

Mwatima alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, Mize. Akazunguka mtaa mzima akionya, na mtaa ukamcheka. Mdudu usiyemwona akuue kwa pua? Watoto wakaendelea kujitosa.

Ndipo akatunga uongo. Alisema birikani mna jini, na ndiye aliyemchukua Shemsa. Hilo halikuombwa ushahidi. Jioni ile birika halikuwa na mtu, na Mwatima akapata usingizi.

Lakini sisi jini hatumkimbii, tunamtafutia radhi. Kufika Ijumaa ubani unafuka pale, sahani ya halua iko ukingoni, na mganga keshasema jini anataka watoto waogeshwe kwake awajue, asiwadhuru. Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira. Wanawake wazima, na akili zao, wakawazamisha wana wao kwa mikono yao!

Mwatima alikwenda mbio. "Jamani, nlisema uongo! Hamna jini! Nnakwambieni ni maji!"

"Maskini," akasema Bi Kazija, mavyaa wake, mamake mumewe. "Sasa kampanda kichwani."

Wakamkamata, wakamrudisha nyumbani, wakamfungia chumbani na chetezo cha ubani. Walipomfungulia, neno lake la kwanza lilikuwa kumwita mwanawe.

"Mize!"

"Naam, mama."

Mtoto aliingia kavaa kanga mpya, nywele zinachuruzika maji. Bi Kazija alikuwa nyuma yake, uso umemnawiri.

"Nshamwogesha mjukuu wangu. Kichwa chote kimezama. Huyu hatumpotezi tena."

Mwatima alimvuta Mize, akampenga pua kwa ncha ya kanga, akampenga tena na tena, mtoto analia, mpaka ikatoka damu.