Chuma Kinacholia

Mama yangu hawezi kuvumilia kitu kinacholia. Mlango ukilia, anaupaka mafuta ya ufuta. Goti likilia, mafuta. Jiwe la kusagia, bawaba ya dirisha, mtoto wa jirani mwenye msokoto wa tumbo, wote dawa yao ni moja, na imo katika chupa ya kijani isiyotoka mfukoni mwake. Ukimwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, anakujibu kwamba aliyesema hivyo hakuwa na mafuta.

Siku ile mke wangu Wahiba alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Ndiyo mimba yetu ya kwanza. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Bi Takiya mkunga alitoka chumbani akijifuta mikono, na ile damu kwenye kitambaa niliiona kabla sijauona uso wake.

"Mtoto amelala ubavu," alisema. "Mimi nimefika mwisho wa kazi yangu. Mteremshe hospitali Taizi, Mukbil, tena sasa hivi."

Nimteremshe na nini? Mvua zilikuwa zimeila barabara ya mlima Sabir, gari hazipiti. Kilichopita ni punda na pikipiki. Pikipiki ninayo, ndiyo inayotulisha, lakini breki ya nyuma ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, kila siku nasema kesho, na sasa ya mbele nayo ilikuwa imeganda. Gurudumu limebanwa, halizunguki hata ukilipiga teke. Nililipiga teke hata hivyo.

Nikakaa chini uani, nikafungua boliti na kuing'oa kalipa, lile koleo la chuma linalobana diski ya gurudumu. Ilikuwa imejaa tope la mafuriko na vumbi jeusi la breki, vimekaukiana kama ugali uliosahaulika chunguni. Nikaomba maji ya moto, sabuni na mswaki wowote. Mama akaniletea mswaki wangu.

"Mama, huu si wangu?"

"Kwani leo unakwenda kuposa? Sugua!"

Nikasugua. Tope lilitoka, nikaiona pistoni, kale kakopo kanakosukuma pedi za breki. Kutu ilikuwa imeishika ukingoni. Dawa yake ni kubonyeza mkono wa breki pole pole, pistoni ijitokeze kidogo uisafishe, halafu uirudishe ndani. Kidogo tu. Ikichomoka yote, mafuta ya breki yanamwagika, na mimi nyumbani sikuwa na mengine. Na kila Wahiba alipopiga ukelele ndani, vidole vyangu vilitaka kubonyeza kwa nguvu zote. Niliogopa mkono wangu mwenyewe. Nilibonyeza, nikapumua, nikabonyeza tena, jasho likiniingia machoni, nikimwomba Mungu kwa sauti kama mwehu.

Pistoni ikajitokeza. Nikaipitishia msasa mwembamba, nikaisugua kwa mswaki, nikaifuta kwa kanzu yangu.

"Tia na mafuta kidogo, mwanangu," mama alisema juu ya kichwa changu, chupa mkononi. "Chuma kikavu hakina adabu."

"Mama, niondokee! Hujui kitu hapa!"

"Sijui kitu, lakini wewe nilikujua ukiwa tumboni."

Akarudi nyuma, akanuna. Nikaisukuma pistoni kwa vidole gumba viwili. Ikakataa. Nikaisukuma tena huku nalia, sioni haya kusema nililia, na safari hii ikaingia. Nikarudisha pedi, nikafunga kalipa, nikalizungusha gurudumu. Likazunguka! Lilikuwa likilia nyiii, nyiii, pedi zikikwangua kutu ya diski, jambo la kawaida ambalo huisha lenyewe njiani. Nikabana breki. Ikashika barabara. Nikakimbilia ndani.

Nilipotoka nimembeba Wahiba kwenye shuka, mama alikuwa amechutama kando ya gurudumu, anajipangusa viganja.

"Kimenyamaza," alisema, uso umemkunjuka.

Nilidhani anasema kilio cha Wahiba, ambaye kweli alikuwa amenyamaza, na ukimya wake ndio ulionitisha zaidi. Tukampandisha nyuma yangu. Mama akavua mtandio wake, akatufunga pamoja kiunoni mara mbili, mke asije akaanguka. Tukaondoka.

Hadi birika la msikiti njia ni tambarare. Baada ya hapo mlima unakatika ghafla, mkono wa kulia ukuta wa matuta ya mashamba, mkono wa kushoto hakuna kitu, hewa tu na mapaa ya Taizi chini kabisa. Kwenye kona ya kwanza nikabana breki. Mkono wa breki ulikuwa mgumu, sawasawa kabisa, lakini pikipiki haikusikia. Nikabana kwa vidole vyote. Ikazidi kukimbia. Ndipo harufu ikanijia usoni, harufu tamu ya ufuta uliopata moto, harufu ya jikoni kwetu siku ya Idi.

Nikapiga gia ya kwanza, injini ikapiga kelele, nikailaza pikipiki kwenye ukuta. Mawe yakanichuna mguu wa kulia kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Tukakokoteka hivyo mpaka kwenye rundo la kokoto lililoachwa na mafuriko, tukazama humo, tukasimama. Nikafungua mtandio. Wahiba alikuwa hai. Shuka lilikuwa jekundu.

"Mama ameipaka mafuta!" nilipiga kelele. "Mama yangu ametuua! Nikirudi leo atanitambua, wallahi atanitambua!"

"Ulimwambia haitaki mafuta?" Wahiba aliuliza, macho ameyafumba.

"Nilimwambia aniondokee."

"Basi. Ilikuwa inalia, Mukbil. Niliisikia kutoka ndani. Mama yako unamjua kwa vitu vinavyolia." Akaubana mkono wangu mpaka uchungu ukapita. "Usimwambie. Nikifa ndiyo usimwambie kabisa. Apa."

"Hufi."

"Apa, mwanamume wewe!"

Nikaapa. Nikaing'oa tena kalipa, pale pale barabarani. Nikachomoa mpira wa petroli chini ya tangi, nikalowesha kilemba changu na kuisugua diski mpaka ikakauka na kukwaruza. Pedi zilikuwa zimeyanywa yale mafuta. Hizo hazisafishiki kwa kufuta, lazima uzichome, na kiberiti sikuwa nacho.

Akatokea Sarhani wa kijijini kwetu na punda wake, shavu limevimba mirungi.

"Wee Mukbil! Ndiyo umefungua gereji hapa?"

"Kiberiti, Sarhani! Kiberiti!"

Akaanza kucheka, kisha akaliona shuka. Akanirushia kiberiti, akatema mirungi yote chini, na sijapata kumwona akiitema kabla ya magharibi. Akavua koti akamfunika Wahiba, akasimama amempa mgongo kwa heshima, akimsomea Yasini.

Nikazimwagia pedi petroli, nikazitia moto mbali na pikipiki. Zikawaka, zikatoa moshi mweusi na ile harufu ya Idi. Nikazikwaruza kwenye jiwe, nikazichoma tena, nikazikwaruza tena. Haikuwezekana kuharakisha. Ningeondoka nazo zina mafuta, kona ya pili ingetumaliza. Wahiba hakupiga kelele tena. Alikuwa akiniangalia ninavyokwaruza, na nilikuwa namsikia akisema pole pole, si kwangu, "Ngoja kidogo, mwanangu. Baba anakuja."

Breki ilishika nusunusu. Nusu ilitufikisha.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Nilikaa sakafuni ukumbini, mikono inanuka petroli, nikimchukia mama yangu kwa moyo wote, kisha nikijichukia mimi, kisha nikirudi kwake. Daktari alipotoka alisema mke wangu ataishi. Mtoto alikuwa wa kiume, ametimia, hana kasoro yoyote, ila alikuwa amechoka kungoja. "Mngewahi kidogo tu," alisema yule daktari, na hakuwa na nia mbaya, alisema tu kama watu wanavyosema.

Asubuhi mama akafika. Alikuwa ameuteremka mlima ule wote kwa miguu, na viatu kavishika mkononi. Kwetu mtoto mchanga hukandwa mafuta ya ufuta na bibi yake kabla hajazoea dunia, na chupa ya kijani alikuwa ameijaza mpaka shingoni. Aliniona mlangoni.

"Breki ilishika, mwanangu?"

Niliutazama ule mguu wangu uliofungwa bendeji, nikautazama uso wake.

"Ilishika, mama."

"Alhamdulillahi. Nilijua." Akachungulia wodini, kando ya kitanda cha Wahiba, chini ya shuka, kila mahali. "Yuko wapi sasa? Mbona simsikii akilia?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Wahiba, na ilikuwa ndogo sana.

"Hatakuja, mama. Njoo ukae hapa." Akaitoa miguu yake nje ya shuka. "Nipake mimi."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akamimina mafuta kiganjani, na akaanza na nyayo.