Redio ya Gari la Bluu

...pikipiki kushoto, akasema, na kabla hajamaliza pikipiki ilikwishapita, imejipenyeza katikati ya msafara na kupotelea mbele, na mumewe akatikisa kichwa kama mtu aliyeiona tangu inatoka kwao, haya, vizuri, sasa simama, gari la njano limesimama, simama basi, kwani unataka kumbusu mwenzio kisogoni, na gari likasimama, na yeye naye akapata nafasi ya kumeza mate, ulimi umemkauka, tangu watoke nyumbani hajanyamaza hata kwa urefu wa wimbo mmoja, taa nyekundu hiyo, tuta hilo, mama mwenye mtoto mgongoni huyo, mpishe, na kila akifungua kinywa mama mkwe huko nyuma anaguna, kaguno kadogo ka mtu mzima ambaye angesema mengi ila anajiheshimu, mwache agune, laiti angejua anachokigunia... Jua limekaa mbele yao sawasawa, limejaa kioo kizima, hata yeye mwenye macho mazima amekunja uso, sasa huyu wa pembeni yake anaona nini, ukungu tu, mng'aro na ukungu, ameshika usukani kwa mikono miwili na kidevu amekiinua, anatabasamu, shati jipya, gari lao la bluu amelisugua tangu alfajiri mpaka mtu anaweza kuchania nywele kwenye mlango wake, na huko mbele kwenye makutano wacheza ngoma wa tamasha wanakatiza barabara na tarumbeta zao, msafara wote wa magari ya zamani umesimama kuwasubiri, honi zinapigwa kwa furaha, watu wamekaa madirishani miguu nje, msimu wa joto ndio huu, raha ndiyo hii, na yeye amechoka, amechoka mpaka kope.

Mapacha wako nyuma, mmoja kila upande wa bibi yao, wanarusha karatasi za rangi dirishani, na mama mkwe anasema afadhali tumesimama, masikio nayo yapumzike, kisha kwa sauti ya upole inayochoma kuliko ukali, "Mama Pacha, mwache mwanangu apumue. Aliendesha gari kabla hujamjua," na mapacha wanacheka, na mumewe anacheka pia, hapo ndipo panapouma, anacheka naye, kicheko kizima cha tumboni, ilhali anajua, ndani ya gari hili wanaojua ni wawili tu na mmoja wao anacheka... Mtoto wa jicho, daktari alisema, macho yote mawili, na la kulia limekwishakomaa, akawaeleza taratibu kwamba si jambo la kutisha, unaingia asubuhi unatoka jioni, jicho moja kwanza, la pili likifuata, utarudi kuona kama zamani, na mumewe akasema ahsante daktari kwa adabu zote, na nje kwenye ngazi akamwambia mkewe hakuna atakayemtia kisu machoni mpaka msimu wa matembezi ya magari uishe, na mama asijue, atashtuka bure, na huo ulikuwa msimu uliopita, siyo huu, uliopita. Yeye mwenyewe aligundua kabla ya daktari, alikuwa amempelekea chakula gereji, mumewe ni fundi wa kupaka magari rangi, mtu ambaye zamani ukimwonyesha nyeupe kumi angekwambia hii ina tone la kijivu na hii ina tone la bluu, na siku hiyo alikuwa amesimama mbele ya gari jeupe lenye mlango mmoja rangi ya siagi, amejishika kiuno, ameridhika, akamuuliza unaonaje, na yeye akasema... alisema nini, alisema rudia tu koti moja la rangi hapa mlangoni kabla mwenyewe hajaja, akalisema kwa utani, na utani huo ndio uliowafikisha hapa.

Kwa sababu mwanzoni alikuwa ananong'ona, barabarani, tuta, baiskeli, mtoto, lakini watoto wana masikio, wakauliza mama unamwambia nini baba, basi akajifunza kusema kwa kununa, hivi hiyo taa nyekundu kwako ni pambo, hivi huyo mzee anayevuka humtakii mema, na watu wakacheka, na mumewe akakanyaga breki, kumbe mke mwenye mdomo hakuna anayemshangaa, wapo kila nyumba, hata hawahitaji kuelezwa. Jina la Redio mumewe ndiye aliyelitoa, ziwani, watu wamekaa kwenye majani na vyakula vyao, rafiki yake Kofia, mwenye hilo gari la njano, alikuwa anajisifia redio mpya aliyofunga, na mumewe akasema mimi sinunui, ninayo ya kwangu, haizimiki, akamwonyesha kwa kidole, watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka, akajikaza akacheka, na njiani kurudi mumewe alimpapasa mkono, ndiyo samahani yake hiyo, na siku ile ile, njia ile ile, pacha mmoja alimpa kiatu chenye maji akageuka kukipokea, kugeuka tu, kama unavyogeuka kumfuta mtoto kamasi, na aliporudisha uso mbele kulikuwa na baiskeli... Alipiga kelele. Kioo cha pembeni kilikwangua kapu la mzee wa watu, nyanya zikamwagika barabara nzima, na mumewe akauliza "Nini hiyo?" hivyo tu, nini hiyo, kama mtu aliyesikia kitu kimeanguka chumba cha pili. Yeye akashuka akaziokota na yule mzee, na mzee ndiye aliyempa pole, pole mama, ni bahati mbaya, na yeye akashindwa kusema siyo bahati mbaya. Mama mkwe alikuwa amelala. Mapacha walicheka nyanya.

Na leseni anayo, imo kwenye mkoba hapa mapajani, huyu huyu ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja wa shule, alikuwa mwalimu mzuri asiye na haraka, ukizimisha gari anakwambia washa tena hakuna aliyekufa, lakini kumwachia usukani siku ya msafara, mbele ya Kofia, mbele ya mama yake, hapana, utanizika mzima, alisema, na yeye akamhurumia, anampenda ndiyo maana, anajua mwaka mzima anavyoisubiri siku hii, basi akawa haoni kitu kingine, ziwa lenyewe hakuliona, bustani hakuziona, matembezi yote ya msimu huu ameyaona bampa za watu, mtu akimuuliza tamasha lilikuwaje atamweleza taa za breki.

Mama, mwone yule, anasema pacha mmoja, mama mtazame, na yeye anasema naam, nimemwona, macho mbele, na mwenzake anamwambia, bila ubaya wowote, kama anavyomweleza mgeni mahali pa kunawia mikono, "Usimwonyeshe mama. Yeye huwa haangalii vitu."

Huwa haangalii vitu... mtoto amelisema akaendelea kurusha karatasi zake, kwa hiyo ndivyo watakavyomkumbuka, kisogo na makelele, mama aliyepanda gari la raha akagombana na barabara, na kwa nini, ili mtu asiingie asubuhi akatoka jioni, basi, ni hilo tu, na ataingiaje, aende hospitali kutafuta nini wakati macho anayo, yamekaa hapa kushoto kwake, yamefunga mkanda, yanamwambia pikipiki, yanamwambia tuta, yeye ndiye anayempumbaza, si woga wa kisu, yeye, kila akisema simama anamwahirishia siku nyingine, mpaka lini, mpaka nyanya zile ziwe mtoto wa mtu... Akageuza shingo. Ilimwia vigumu, kama kujilazimisha kuvua nguo mbele za watu. Akatazama dirisha la pembeni, na kulikuwa na mtu juu ya miguu ya mbao, mrefu kupita nguzo za taa, suruali yake ya mistari inashuka mpaka chini, anakula aiskrimu huko juu taratibu bila kumjali mtu, na mtoto chini anaruka kuigusa suruali, na mtu yule anajifanya haoni. Kumbe ndivyo vilivyokuwepo.

Mbele kulisikika injini ya gari la njano ikinguruma, ikasogea, ikaenda, alisikia kwa masikio na hakugeuka. Hakusema kitu. Nyuma honi ikalia, ya furaha bado, halafu nyingine, isiyo na furaha, na Kofia kutoka huko mbele akapaza sauti kuuliza kama redio imeungua leo. Mapacha wakaacha karatasi. Mumewe akakohoa. Akasubiri. Halafu akauliza, chinichini, midomo haichezi, "Wamesogea?" na yeye akamtazama yule mtu mrefu akilamba vidole, usiseme, ukisema leo utasema mpaka mwisho, usiseme, na mumewe akauliza tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Unamuuliza nini, mwanangu?" mama mkwe akasogea mbele, mkono wake ukashika siti. "Si mbele yako hapo, barabara nyeupe, huioni?"

Angeweza kucheka, alikuwa na vicheko vyake vya akiba, angeweza kusema jua limenipiga, mama, naye mama angemwamini, mama yake angeamini lolote kutoka kwake, na mkewe akasubiri kicheko hicho huku amekaza meno, na hakikuja. Akasikia mikono ikishuka kutoka kwenye usukani. "Sioni, mama," akasema. "Siku nyingi."

Mama mkwe hakuguna. Honi zikaendelea nyuma yao, jua likiwa pale pale kwenye kioo, tarumbeta zikienda mbali, na yeye, bila kugeuza uso kutoka dirishani, akapeleka mkono kwenye breki ya mkono aivute, akaukuta mkono wa mumewe umeshafika.